Nilivyompa Mbawakawa Mapumziko Yangu

Safari hii ilianza kwa sababu mpwa wangu Nafula alimwogopa mama yake, na mimi ndiye mjomba wake wa pekee upande huu wa bahari. Ninyi mlio nyumbani Bungoma mnajua mambo yetu. Mtoto hamwendei mama yake na habari nzito peke yake. Anamtafuta khocha, yaani mjomba, amtangulie mlangoni na kuzipokea kelele za kwanza. Neno la khocha halitupwi, ndivyo tulivyolelewa. Wazee hawakusema lolote kuhusu khocha ambaye dada yake hamwamini hata kumwachia sufuria jikoni.

Dada yangu Nasimiyu ni nesi wa wagonjwa mahututi Houston. Kanisani kwake, mtaa wa Alief, karibu kila mtu ni nesi, asiye nesi anasomea unesi, na asiyesomea anaombewa. Mimi mwenyewe alinileta Amerika kwa ajili hiyo hiyo. Nilisoma mihula miwili, nikaona damu mara moja, nikahamia Fort Worth kufanya kazi katika ghala la vyakula vilivyogandishwa. Dada hakunisemesha kwa miaka minne. Siku hizi tunazungumza, lakini kwa simu, na mara nyingi ni kukiwa na msiba.

Nafula naye alikwenda chuo huko Alaska kusomea unesi. Ndivyo mama yake alivyojua, na kanisa zima likajua hivyo hivyo. Kumbe miaka miwili iliyopita aliacha unesi akahamia kwenye wadudu, na mtu pekee aliyemwambia ni mimi. Mambo yangekaa hivyo hivyo kama dada asingeita watu nyumbani Jumamosi, saa nane mchana, kwa maombi ya shukrani. Nesi wetu amebakiza mwaka mmoja, aliwatangazia. Nafula akanipigia simu analia.

"Uncle, pastor atani-anoint kama nurse, na mimi si nurse. Lazima tumwambie Mum kabla ya hiyo prayer. Na akijua, atanifanyia vile alikufanyia wewe."

Miaka minne ya kimya naijua ladha yake, nikamwambia aje.

Alhamisi mchana nilimpokea uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth. Alitoka amevaa koti, watu wote wakimtazama kama mgonjwa, maana nje joto lilikuwa limepita nyuzi mia moja za huku. Mkononi alikuwa na kopo dogo lililojaa vifuko vya barafu, na barua za ruhusa zenye mihuri mingi kuliko zile zilizoniingiza mimi nchini.

"Msalimie Mzee," akaniambia.

Nikachungulia. Katikati ya barafu kulikuwa na kichupa, na ndani yake mbawakawa mmoja mweusi, mdogo kama mbegu ya tikitimaji, amekunja miguu, amekauka kama jiwe. Nikampa pole. Nafula akacheka, akasema hajafa, ameganda. Huyu ni mbawakawa wa ardhini, wa kaskazini kwenye baridi kali. Majira ya joto hutembea chini ya majani akiwinda wadudu wenzake. Baridi ikija hujificha ndani ya gogo lililooza na kuganda, maji ya mwilini mwake yakawa barafu kweli kweli. Joto likirudi pole pole, anayeyuka, anasimama, anakwenda kutafuta chakula. Jina lake la kisayansi ni refu kuliko yeye mwenyewe, kwa hiyo tuliendelea kumwita Mzee. Profesa wake alikuwa amemruhusu kuja naye kwa sababu alikuwa dume aliyestaafu kazi za maabara, na bado maabara ilitaka taarifa ya kila kitakachompata.

Mpango wa Nafula ulikuwa huu. Mzee akae ameganda mpaka Ijumaa jioni, alale kwenye friji ya kawaida usiku kucha, na Jumamosi asubuhi awekwe mezani mbele ya mama.

"Mum anataka evidence," alisema. "Nikimwambia tu, ataskia 'wadudu' na atafunga masikio. Lakini akiona kitu imekufa ikitembea, ataniuliza swali. Mum akianza kuuliza maswali, niko sawa."

Jioni ile nilikwenda kuazima kopo kubwa la barafu kwa Papa Amani, Mkongomani ninayefanya naye kazi ghalani.

"Ya kubebeya nini?" akauliza.

"Mdudu."

"Ya kula?"

"Hapana, wa kuonyesha watu."

Akanitazama kwa huruma. "Mududu moja tu? Kwetu ku Kivu, mutu anabebaka kitunga muzima."

Ijumaa saa mbili asubuhi tuliondoka Fort Worth. Nafula alichanganya barafu na chumvi ili baridi ishuke zaidi, akakizika kichupa katikati, akabandika kipimajoto chenye kioo juu ya kifuniko. Kopo akaliweka kiti cha nyuma na kulifunga mkanda. Mimi sijawahi kufungwa mkanda na mtu yeyote. Kiyoyozi cha gari langu hufanya kazi kikipenda, na siku hiyo kilipenda kidogo.

Saa tatu u nusu, karibu na Corsicana, Nafula aliniuliza kazi yangu ikoje. Nikamwambia. Ndani ya ghala kuna baridi ya kuua, mtu anavaa koti la kufika magotini, glavu mbili mbili na kofia ya masikio, na anasukuma maboksi ya kuku mpaka kope zinashikana. Lakini kila baada ya saa mbili kuna mapumziko. Basi tunatoka nje, Wakongomani, Wakenya, Wameksiko, tunasimama kwenye maegesho na makoti yetu juani, nyuso juu, macho tumefumba. Anayepita atadhani ni dhehebu jipya. Dakika kumi na tano zile ndizo tamu kuliko zote za siku yangu. Unasikia vidole vikirudi kimoja kimoja.

"Kwa hivyo wewe na Mzee mko job moja," Nafula alisema, akalala.

Natamani asingesema hivyo.

Saa tano na kitu tulifika Madisonville, tukasimama kwenye kituo cha mafuta chenye duka kubwa kama soko la Chwele. Nafula aliingia kutafuta choo na chakula. Aliniacha na agizo moja: niongeze barafu na chumvi, nifunge haraka, nisiguse kichupa.

Niliongeza barafu. Niliongeza chumvi. Kisha, ndugu zangu, nikakitazama kichupa.

Alikuwa amelala chali, miguu imekunjwa kifuani, na barafu imemzunguka pande zote. Nilimwonea huruma, huruma ya kweli, ile ya mfanyakazi kwa mfanyakazi. Nikajiambia mtu huyu hajapewa mapumziko tangu Alaska. Nikamtoa, nikamweka juu ya karatasi laini mbele ya usukani, pale jua linapopiga kwenye kioo. Dakika chache tu, halafu ningemrudisha. Na kwa kuwa mtu mpumbavu hatosheki na upumbavu usio na ushahidi, nikatoa simu nikaanza kumrekodi.

"Break, Mzee!" nikamwambia. "Break! Toka nje uote jua!"

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha mguu mmoja wa nyuma ukatikisika. Ukafuata wa pili, pembe zake ndogo zikanyooka, akajipindua mwenyewe, akasimama. Mdudu aliyekuwa jiwe alisimama mbele ya macho yangu kando ya barabara kuu ya Texas, akatembea hatua sita, saba, akafika kwenye kioo, akakigusa kwa pembe zake. Sioni haya kusema machozi yalinitoka. Nilicheka peke yangu ndani ya gari mpaka mtu wa gari la pili akapandisha kioo chake.

Ndipo nikamwona Nafula anatoka dukani na mifuko. Nikamnyaka Mzee, nikamsukuma ndani ya kichupa, nikakizika kwenye barafu na chumvi, nikafunga.

"Kila kitu sawa?" akauliza.

"Sawa kabisa," nikasema.

Na mimi ni mtu ambaye kazini kwake kuna bango ukutani kwa lugha tatu: kilichoyeyuka hakigandishwi tena. Nimepita mbele ya bango hilo kwa miaka sita.

Kutoka Madisonville mpaka Houston nilikuwa mchangamfu kupita kiasi. Nilimwonyesha Nafula misonobari ya Huntsville, nilimwonyesha lile sanamu jeupe refu kando ya barabara, nilimwimbia. Moyoni nilikuwa najiambia kwamba aliyeweza mara moja ataweza mara ya pili.

Saa tisa kasoro tulifika kwa dada, Sugar Land, nje kidogo ya Houston, mitaa ambako nyasi zote zina urefu mmoja. Dada Nasimiyu alitutokea mlangoni bado amevaa sare ya kazi. Akamkumbatia bintiye, akanitazama mimi kutoka viatu mpaka kichwa.

"Karibuni. Wanjala, umekonda ama ni hiyo shati?"

"Ni shati, dada."

"Na hiyo box ni ya nini?"

"Ni ya shule, Mum," Nafula akawahi.

Mgeni hapewi shida kabla hajala, kwa hiyo tulikula kwanza: ugali, kuku, na mboga alizonunua Alief. Baada ya kula, mtu hawezi kuharibu chakula kilichokwisha kuliwa kwa habari mbaya, kwa hiyo tulinyamaza. Jioni wakaja akina mama wa kanisa kupanga viti na kujadili ukubwa wa keki. Keki ilikuwa na picha ya kofia ya nesi. Nafula alipoiona, akaenda kumhamishia Mzee kwenye friji, kati ya maziwa na chupa ya pilipili, akabaki ameegemea mlango wa friji kwa muda mrefu.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikaa mezani watu watatu. Nafula akakitoa kichupa, akammimina Mzee juu ya kisahani cheupe. Dada akasukuma kikombe chake cha chai mbali.

"Hiki kimetoka kwenye friji yangu?"

Hapo ndipo zamu yangu ilipofika. Nilikohoa, nikaanza kwa salamu za ukoo kama inavyotakiwa, nikazunguka kwa marehemu babu, nikapita kwa mvua za nyumbani. Dada akasema, "Wanjala, sema." Nikasema. Nafula si nesi, hatakuwa nesi, miaka miwili sasa anasomea wadudu wa baridi.

Dada hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alimtazama bintiye, kisha akanitazama mimi, kisha akamrudia bintiye.

"Wewe pia?" akasema.

Maneno mawili tu, na mimi ndiye niliyekuwa ndani ya hilo la pili.

"Mum, please, dakika kumi tu," Nafula alisema. "Mwangalie huyu. Amekuwa frozen kabisa. Ataamka."

Tukamtazama. Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini. Chai ikapoa. Dada alikuwa ameikunja mikono, lakini nilimwona akichungulia. Ilipofika nusu saa, Nafula alichukua koleo lake dogo, akaugusa mguu mmoja wa Mzee. Mguu ukalegea ukabaki ulivyoachwa. Akachukua lenzi, akainama sana.

"Amekufa," akasema kwa sauti ndogo. "Sijui nimekosea wapi. I checked everything." Na akaanza kulia bila sauti, koleo bado mkononi.

Dada akasimama, akachukua simu yake. "Nawaambia watu wa kanisa wasije," alisema. "Sitasimama mbele yao kudanganya."

Nilikuwa na njia mbili. Ningenyamaza, mbawakawa angekuwa amekufa kifo chake, na Nafula angeingia kwenye kimya ninachokijua. Au ningesema, na nitupwe nje mara ya pili. Mkono wangu ulikuwa mfukoni tayari, umeishika simu, na mwili wote ulikuwa unaukataza. Mwishowe nikaiweka simu katikati ya meza.

"Hakukosea yeye," nikasema. "Nina video."

Dada akaketi. Mezani ikasikika sauti yangu, pumbavu, yenye furaha: "Break, Mzee! Toka nje uote jua!" Niliona macho ya dada yakianza kupanuka pale mguu wa kwanza ulipotikisika. Alitazama mpaka mwisho. Akarudisha mwanzo. Akatazama tena, safari hii kwa uso ule anaouvaa kazini.

"Huyu alikuwa ameganda kabisa? Si baridi tu?"

"Ameganda, Mum. Barafu ndani ya mwili."

"Moyo?"

"Wake si kama wetu, lakini ndiyo, ulikuwa umesimama."

"Na cells hazipasuki?"

"Anatengeneza kitu kama sharubati ndani ya damu yake. Inamkinga, halafu barafu inajiunda nje ya cells. Lakini lazima apashwe joto pole pole."

"Bila shaka pole pole!" dada akasema, kama aliyetukanwa. "Hata binadamu aliyetolewa kwenye maji baridi hapashwi joto haraka. Tunapandisha kidogo kidogo, tunaangalia..." Akakata. Akageuka. Nafula naye akageuka. Wote wawili wakanitazama mimi.

"Ulimtoa kwenye barafu," dada akasema, "ukamweka kwenye dashboard?"

"Dakika chache."

"Ya gari lililozimwa? Mwezi wa nane? Texas?"

"Halafu ukam-refreeze?" Nafula akadaka. "Uncle! Kwa chumvi?"

"Kulikuwa na maagizo?" dada akamuuliza bintiye.

"Nilimwambia asiguse."

"Kulikuwa na maagizo!" dada akanirudia mimi. "Mgonjwa ana maagizo, wewe unaleta huruma!"

Walinishukia pamoja, mama na mtoto, wakipokezana, mmoja akikwama mwenzake anamalizia. Nilinyeshewa vizuri. Katikati ya mvua ile nikagundua kwamba machozi ya Nafula yalikuwa yamekauka, na kwamba dada alikuwa amevuta kiti chake mpaka bega lake likagusa la bintiye.

Saa tatu dada alileta karatasi. "Kwetu kazini, kisichoandikwa hakikufanyika," alisema. "Maabara yako wanataka taarifa? Wataipata." Wakakaa kuandika. Mimi niliitwa kama shahidi.

"Ulifungua saa ngapi?"

"Kama saa tano hivi."

"Kama?"

Tukatazama saa iliyo kwenye video. Saa tano na dakika ishirini na mbili. Waliandika joto la barafu, muda juani, idadi ya hatua alizotembea. Nafula akaandika chanzo cha kifo: kupashwa joto haraka, kisha kugandishwa tena ghafla. Dada akasoma, akachukua kalamu, akaongeza kwa mkono wake: na huruma ya mjomba. Nikatia sahihi.

Saa nane mchana watu walijaa. Dada alisimama mbele yao, pembeni ya keki yenye kofia, akasema bintiye hatakuwa nesi, anasomea wadudu wanaoganda na kufufuka, na anayetaka kuona aje aone video. Mama mmoja wa mbele akanong'ona kwa sauti ya kusikika Alief nzima, "Si tuliambiwa ni nesi?"

"Amehama wodi," dada akajibu.

Pastor alikuwa ameshafungua chupa ya mafuta. Akauliza, sasa tuombee nini?

"Ombea mikono yake," dada alisema. "Na umwombee huyu mjomba wake aache kushika vitu."

Watu walisema amina kwa nguvu nisiyoipenda. Keki iliisha yote, kofia ikiliwa kwanza.

Jumapili baada ya ibada nilijiandaa kurudi peke yangu. Nafula alibaki na mama yake, na Mzee alibaki kwenye kichupa kipya kilichoandikwa tarehe. Dada alinisindikiza mpaka garini akiwa amebeba kopo la Papa Amani. Lilikuwa zito. Kopo la mgeni halirudi tupu, hilo tunalijua sote, lakini mimi sikuwa nimefungiwa chakula na dada yangu tangu siku niliyoacha shule. Ndani mlikuwa na chapati, nyama na kopo la mchuzi. Juu alikuwa amebandika utepe mweupe wa hospitali, akaandika: USIFUNGUE MPAKA UFIKE.

Nikafungua mlango wa gari. Hakuondoka.

"Nafula ameniambia ulimjibu 'sawa kabisa,'" alisema. "Ulipoacha shule nilikupigia simu kila Jumapili. Miezi minne, Wanjala. Kila Jumapili nikikuuliza masomo yanaendaje. Unakumbuka ulikuwa unajibu nini?"

Nilikumbuka.

"Kuacha ulikuwa na haki ya kuacha, uliogopa damu, basi. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya hiyo 'sawa kabisa.' Haya, nenda, barabara ni ndefu."

Njia nzima sikuwasha redio. Nilikuwa na huzuni na nilikuwa na furaha, na vyote vilikaa kiti cha mbele pamoja nami. Nilipita Madisonville bila kusimama, kwa heshima ya marehemu. Kama mnataka kujua nilichojifunza, ni kwamba kuna viumbe ambao baridi haiwadhuru, wanaumizwa na sisi tunaowatoa kwenye baridi kwa pupa kisha tukaficha. Na kwamba bango la kazini husomwa pia ukiwa likizo.

Saa kumi na mbili jioni nilifika Fort Worth. Sijazima gari, simu ikalia.

"Umefika?" dada akauliza.

"Nimefika."

"Kila kitu?"

Maneno yale mawili yalikuja yenyewe mpaka kwenye ulimi. Nikayameza.

"Mchuzi umemwagikia chapati tatu," nikasema. "Tairi la nyuma linapungua upepo tangu Corsicana. Na nilifungua kopo hapo hapo Corsicana nikala chapati mbili, na nyama kidogo. Si kidogo."

Nikaushika usukani, nikingoja.

"Saa ngapi?" dada akauliza.

"Saa kumi na dakika kumi."

"Sawa," akasema, na nikasikia sauti ya kalamu.